Tarehe 25 Kula, Lakini Soda Tuongee

MUMBI: Karibuni tena. Jamhuri imepita, Krismasi ndiyo hiyo, na kuanzia sasa mpaka shule zifunguliwe hakuna wikendi isiyo na mbuzi. Barasa, umeanza lini?

BARASA: Tarehe 12, dada. Chama kilichinja.

MUMBI: Basi tarehe 25 kula. Kula kabisa! Siku moja haimnenepeshi mtu. Kinachotumaliza ni kuigeuza kila siku ya Desemba kuwa Krismasi: asubuhi viporo, mchana wageni, jioni choma.

BARASA: Choma naitetea. Pale Kenyatta Market, mbavu zimetoka motoni, zinakatwa mbele yako kwa ubao, chumvi pembeni, kachumbari, ugali. Kosa liko wapi?

MUMBI: Liko mezani kabla nyama haijafika. Unaagiza, unaambiwa ngoja, na saa nzima hiyo unafanya nini?

BARASA: Nakunywa soda.

MUMBI: Enhe. Soda nyingi za kola, chupa ya mililita 300, zina takriban gramu 30 za sukari, vijiko saba hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ajaribu kubaki chini ya gramu 25 kwa siku. Ushapita, na mbuzi bado yuko jikoni. Mimi naagiza maji, halafu naomba kachumbari itangulie.

BARASA: Chapo usiiguse lakini.

MUMBI: Nitaigusa, kwetu mimi ndiye mpishi. Unga unakandwa na mafuta. Ukisukuma, unapaka mafuta ndani ndipo uviringe. Kikaangoni mafuta juu, geuza, mafuta tena. Na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120! Siku hizi nazigeuza kavu kwanza mpaka zipate madoa, ndipo napitisha mafuta kidogo kila upande. Zinabaki laini, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

BARASA: Wakiuliza, kana. Sasa nisaidie. Nikifika Bungoma mama anapakua mlima. Nikimaliza anaongeza. Nikikataa, ananiuliza kama Nairobi ndiko nilikofunzwa kudharau chakula chake.

MUMBI: Usikatae, utaharibu Krismasi ya watu. Wahi kujipakulia, kidogo, na nusu ya sahani iwe kunde au mrenda. Kisha kula polepole ukipiga stori. Mama hapimi umekula kiasi gani, anatafuta sahani iliyo tupu. Anayemaliza wa kwanza ndiye anayeongezwa.

BARASA: Kumbe! Na mimi ndiye humaliza wa kwanza tangu utotoni.

MUMBI: Na mazoezi? Usiniambie kuhusu jimu ya Januari. Hizo ada za mwaka mzima watu hulipa kwa majuto, Machi hawaonekani.

BARASA: Kufika Bungoma ni karibu kilomita 400 nimekaa kwa basi. Nikishuka nakalishwa tena kwa kochi, eti mgeni apumzike.

MUMBI: Chukua jembe, au mtungi. Watacheka, waache wacheke. Kiasi kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kazi kama hiyo, yaani nusu saa siku tano. Unaweza kwenda kusalimia majirani kwa miguu badala ya bodaboda.

BARASA: Kila jirani ana chai na mandazi.

MUMBI: Basi kunywa chai, mandazi wape watoto. Na sisi tunaobaki Nairobi tuna msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum, na barabara zimepungua magari. Anayekaa ghorofa ya tano bila lifti, hata kisingizio hana.

BARASA: Swali la mwisho. Firigisi?

MUMBI: Firigisi ya kuku mmoja? Hiyo kula, Barasa. Kama baba yako atakuachia.