Waliopata Majibu Hasi Wako Wapi?

Wataalamu wa maabara, matabibu na wauguzi wa Arusha, habari za asubuhi.

Kipimo cha Rose Bengal cha brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, mnakijua: tone la seramu (majimaji ya damu), tone la antijeni ya rangi ya waridi (bakteria wa brusela waliouawa), unachanganya kwenye kadi, unatikisa taratibu dakika 4, unasoma. Chembe zikigandana, jibu ni chanya. Ukichelewa kusoma, tone hukauka pembeni na kuonyesha mgando usiokuwepo. Saa nayo ni sehemu ya kipimo.

Sasa tunataka kujua usahihi wake kwa wafugaji wenye homa wanaotoka Monduli na Longido. Tunakilinganisha na kuotesha damu, yaani kukuza bakteria waliomo ili waonekane, kazi ya gharama inayochukua siku kadhaa, hata wiki. Kwa kubana matumizi, wenye chanya wote huoteshewa, wenye hasi wachache tu. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Chukueni mfano huu. Wagonjwa 1,000, wenye brusela ni 100. Kipimo kinawakamata 80 na kuwakosa 20. Kati ya 900 wasio nayo, 90 wanapewa chanya kimakosa, 810 hasi. Unyeti wa kweli (sehemu ya wagonjwa wanaokamatwa) ni 80%, umahususi (sehemu ya wazima wanaopewa hasi) 90%.

Oteshea chanya wote 170, na hasi 83 tu kati ya 830. Katika hao 83 utakuta wagonjwa 2 na wazima 81. Ukijumlisha ulichonacho mezani, unyeti unakuwa 80 kwa 82, yaani 98%. Umahususi unaporomoka hadi 81 kwa 171, yaani 47%. Kipimo ni kilekile, wagonjwa ni walewale!

Kwa kuwa 83 ni 1 kati ya kila hasi 10, dawa yake ni kuzidisha hasi kwa 10 kabla ya kukokotoa: 2 wanarudi kuwa 20, 81 wanakuwa 810. Lakini hii inafaa pale tu hao 83 walipopatikana kwa kura. Daktari akiwachagua walio hoi, wagonjwa wanaweza kuwa 8; ukizidisha unapata 80, na unyeti unashuka hadi 50% bila haki. Basi amueni kabla ya kuanza: kwa mfano, kila mwenye hasi ambaye namba yake ya rejista inaishia na 7.

Kuotesha nako hukosa baadhi ya wagonjwa, na hao, Rose Bengal ikiwapa chanya, huhesabiwa kama makosa yake. Liandikeni wazi kwenye ripoti.

Jambo la mwisho, na naomba mlishike sana. Wale 2 kati ya 83 ni wachache mno. Kwa uhakika wa 95%, waliokoswa kati ya hasi 830 wanaweza kuwa 6 au hata 70, hivyo unyeti uko popote kati ya 53% na 93%. Fedha ikipatikana, msiiongeze kwenye chanya. Oteshea hasi 1 kati ya kila 3.