Nani Humwamuru Konokono wa Bahari Kupumua?

Ndugu zangu, wanafunzi na wageni, nawashukuru kwa kuja na foleni zote za jioni hii. Naomba niende moja kwa moja kwa mnyama mwenyewe. Aliyetembea juu ya miamba ya Kunduchi au Oysterbay, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa huenda amekutana na jamaa zake: konokono mnene, laini, asiye na gamba la nje. Wanasayansi humwita Aplysia, na aliyechunguzwa zaidi ni Aplysia californica wa pwani ya California, Marekani. Akichokozwa hutoa wino wa zambarau.

Mtazame akiwa ametulia. Mgongoni, katikati ya mapindo mawili ya nyama, kuna tamvua, kiungo chake cha kupumulia majini. Kwa muda limelala tu. Mara tamvua linajikunja, mrija wa kutolea maji unajikunja nalo, mapindo yanafumba, maji yanasukumwa nje. Kisha vyote vinalegea. Baada ya dakika chache, tena. Hakuna aliyemgusa.

Tendo hili la kupumua linaanzia wapi? Wengi watasema oksijeni imepungua, basi mwili umeitikia. Jibu hilo halitoshi. Litoe fundo la neva la tumboni, yaani kishada cha seli za neva, liweke peke yake kwenye chombo cha maji ya chumvi, bila tamvua wala ngozi. Ingiza elektrodi nyembamba ya kioo, kifaa cha kupimia umeme, ndani ya seli zake. Utaona ishara za umeme zikija kwa mkupuo, zikinyamaza, zikija tena. Hakuna msuli wa kukunja, lakini mpigo upo.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Katika miaka ya 1960 kundi la Eric Kandel, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, liliona seli nyingi zikipokea amri kwa wakati mmoja, likakisia kwamba kuna mtoa amri aliyejificha. Akapewa jina, Interneuroni ya Pili, yaani seli ya neva inayoziamuru seli nyingine za neva, kabla hajaonekana. Mwaka 1978 watafiti John Byrne na John Koester waliichambua pumzi hii kwa kina, na utafutaji ukaendelea kwa miaka. Kilichopatikana si seli moja. Ni makundi mawili, R25 upande wa kulia wa fundo na L25 upande wa kushoto, na seli zake zimeunganishwa kwa umeme. Wavuvi wakivuta nyavu, mmoja akianza, wenzake huhisi kamba ikikaza mikononi na wao wanavuta. Ndivyo seli hizi zinavyowashana hadi zote zinafyatua ishara za umeme pamoja, na mtandao mzima unatuma amri kwa misuli.

Na amri haiishii kwenye tamvua. Wakati huohuo seli zinazochochea moyo hunyamazishwa, na zile zinazouzuia huamshwa, kwa hiyo moyo unapungua kasi wakati tamvua linasukuma damu kuuelekea. Mtandao mmoja unapanga kazi mbili zisigongane!

Mazingira nayo yana sauti yake. Fikirieni dimbwi la mwambani usiku, limebaki peke yake baada ya maji kupwa: mwani hautengenezi oksijeni gizani, viumbe vyote vinaendelea kupumua, hewa ya ukaa inajilimbikiza, na asidi ya maji inapanda. Aplysia akiwekwa kwenye maji yenye asidi zaidi huongeza idadi ya pumzi zake. Mazingira yanaharakisha mpigo. Hayauanzishi.

Kuna swali hapa mbele: je, mtu anaweza kuujenga mtandao kama huu upya, seli kwa seli? Ndiyo, imefanyika, ingawa kwa konokono mwingine, Lymnaea stagnalis wa maji baridi, anayepanda juu kuvuta hewa. Mwaka 1990 watafiti Naweed Syed, Andrew Bulloch na Ken Lukowiak, wakiwa Calgary nchini Kanada, walichukua seli tatu tu zinazopanga pumzi yake na kuzilea kwenye chombo cha maabara. Zilichipua, zikatafutana, zikaunda tena sinapsi, yaani viungio vya kupashana ishara, zilizokuwa nazo ndani ya mnyama. Kisha seli moja kati ya hizo, iitwayo RPeD1, ikachochewa, na mpigo wa kupumua ukaanza humo chomboni.