Sola ya Oganiki: Kipokezi Ndicho Kilichobadilisha Mambo

MWENDE: Karibu msikilizaji, uwe Kayole au Kangemi. Mimi ni Mwende, niko na Baraka. Leo tunazungumzia seli za sola za oganiki, zinazotumia polima na molekuli za kaboni badala ya silikoni. Baraka, watu tayari wana paneli juu ya mabati. Hii nyingine ya nini?

BARAKA: Ni ya yale mabati yasiyoweza kubeba paneli ya kioo, Mwende. Tabaka linalonasa mwanga lina unene wa nanomita 100 hivi. Silikoni ya paneli ya kawaida ni nene zaidi ya mara elfu moja. Hii unaichapisha kama wino juu ya plastiki laini.

MWENDE: Na mbona kwenye maduka ya umeme ya Luthuli Avenue, hapa Nairobi, hatuioni?

BARAKA: Ilianzia chini sana. Mwaka 1986 Ching Tang wa Kodak, Marekani, alitangaza seli yenye ufanisi wa asilimia 1 hivi, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuka umeme. Shida ni kwamba mwanga ukiingia, elektroni haiachiliwi. Inabaki imeshikana na shimo ililoliacha. Jozi hiyo, eksitoni, husafiri nanomita 10 hivi, kisha inazimika.

MWENDE: Mwanga umepotea bure.

BARAKA: Bure kabisa! Ndipo mwaka 1995 kikundi cha Alan Heeger, California, kikachanganya polima na kipokezi, yaani molekuli inayopokea elektroni, ndani ya tabaka moja, ili eksitoni ikizaliwa popote iwe karibu na mpaka wa hivyo viwili, ambapo elektroni huachiliwa. Kipokezi kilikuwa fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, na watu wakang'ang'ana nayo miaka mingi. Lakini fulereni hunasa mwanga wa jua kidogo mno, na viwango vyake vya nishati ni vigumu kurekebisha.

MWENDE: Kwa hiyo polima ndiyo iliyobeba mzigo wa kunasa mwanga.

BARAKA: Hasa. Mwaka 2019 timu ya Yingping Zou, China, ikaleta kipokezi kipya, Y6. Hapa ndipo ninapopapenda. Sehemu ya katikati ya molekuli inatoa elektroni, ncha mbili zinazivuta. Kwa mpangilio huo molekuli inanasa hadi mwanga wa infraredi. Minyororo ya pembeni nayo inaamua molekuli zitapangana vipi. Ufanisi ukafika asilimia 15.7, na sasa seli ndogo za maabara zimevuka 19.

MWENDE: Za maabara. Mama mboga wa Githurai atakuuliza itadumu miaka mingapi.

BARAKA: Na ana haki. Oksijeni, unyevu na urujuanimno vinaiharibu, na joto linafanya mchanganyiko ujitenge. Mimi ningechagua molekuli ya asilimia 15 inayostahimili jua letu, huku mita 1,700 juu ya bahari, kuliko rekodi nyingine mpya. Wakemia wameanza kuunganisha vipokezi viwili au vitatu kuwa molekuli moja kubwa, isihamehame kukiwa na joto.

MWENDE: Na Julai, mawingu yakitanda?

BARAKA: Hapo inajitetea vizuri. Hata mwanga wa balbu ya LED unaitosha kuendesha vifaa vidogo kama vihisi. Nadhani itaanza kutufikia kupitia vifaa hivyo, paa lifuate baadaye.