Jina Kwanza, Bei Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kukusanya Kazi za Sanaa Nyumbani, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukusanya kazi halisi za sanaa majumbani mwetu. Nina jambo moja kubwa la kusema, na mengine yote yatalizunguka hilo: usinunue kazi ya sanaa kabla hujamjua aliyeitengeneza. Jina kwanza, bei baadaye.

Siku hizi tunajenga vizuri. Toka Mafinga mpaka Uyole utaona mabati ya rangi, dari za jipsamu, vigae sakafuni. Ukikaribishwa sebuleni, ukutani kuna saa, kalenda, na picha ya maporomoko ya maji ya nchi ambayo mwenye nyumba hajawahi kufika, iliyochapwa kiwandani kwa maelfu. Simlaumu mtu, kwa sababu ndizo zinazotembezwa mitaani na kuwekwa kwenye maduka ya samani. Ila nyumba hiyohiyo ina kikapu cha milulu kimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna anayekihesabu kuwa sanaa.

Basi tuanze na kikapu hicho. Mama zetu hukata milulu kwenye mabonde yenye maji, wakaianika, ndipo wakasuka. Kikiwa kipya huwa na ukijani kidogo, na kadiri miaka inavyokwenda kinaiva na kuwa cha rangi ya asali. Ukitaka kukijua, kipindue. Kwenye kitako ndipo msusi alipoanzia, na hapo mkono wake unaonekana kuliko sehemu nyingine yoyote. Mizunguko ya kwanza imebana, au unaona mwanga ukipita? Kiweke mezani: kinatulia au kinayumba? Kisha angalia ukingo, uone ncha zimerudishwa ndani kwa subira au zimekatwa tu kwa mkasi. Wanawake wawili wa kijiji kimoja, waliofundishwa na mama mmoja, hawamalizi ukingo sawasawa. Vikapu hivi husafiri mpaka Ulaya na Marekani, vikapamba sebule za watu huko, na karibu kila mahali vinaitwa kwa neno moja tu: kikapu cha Iringa. Mji umepata sifa, aliyesuka hajulikani. Jambo hili linaniuma.

Ndivyo ilivyo pia kwa vyungu vya Wakisi. Kule Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inaangukia moja kwa moja Ziwa Nyasa na mahali pa kulima ni haba, wanawake wamefinyanga tangu enzi. Vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi mpaka Lyulilo, jirani na Matema, kwenye soko la Jumamosi, na kutoka hapo husambaa Kyela, Tukuyu na Mbeya. Ukienda, usinunue kwa mchuuzi wa barabarani ukaondoka. Shuka mpaka ufukweni, mwamkie mama aliyekifinyanga, muulize anaitwa nani na kafundishwa na nani. Bei yake usiikandamize. Chungu kimoja kina kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga, kukausha, kuchoma, na kuomba kisipasuke motoni.

Mtasema mchoraji yeye huandika jina lake. Kweli, na tazameni lilivyomfaa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, huku huku kusini, mwaka 1932. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo alivyovimudu. Alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini kwa kuwa jina lilikuwepo, mtindo mzima unaitwa kwa jina lake hadi leo. Na Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Je, ni nyumba ngapi za Kitanzania zenye picha ya mchoraji wa Kitanzania anayejulikana?

Ukinunua, omba karatasi. Iwe na jina la msanii, mwaka, vitu alivyotumia, vipimo, na sahihi yake. Piga picha yeye akiwa na kazi yake, kama anaridhia. Jueni pia kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ukinunua picha umenunua kitu chenyewe. Haki ya kuichapa kwenye fulana au kalenda inabaki kwa msanii mpaka akupe kwa maandishi.

Kuhusu vinyago, niseme kwa ufupi. Mpingo ni mzito, unazama majini. Kinyago chepesi cheusi tii kikwangue kidogo chini ya kitako. Ukiona weupe kila mahali, ni mti mwingine uliopakwa rangi. Lakini mstari wa njano pembeni usikutishe, hiyo ni sehemu ya nje ya mpingo wenyewe.

Na hali yetu ya hewa tuiheshimu. Mvua za Novemba hadi Aprili hulowanisha kuta, kwa hiyo gundisha vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite. Juni na Julai tunaingiza jiko la mkaa ndani tuote. Picha isikae juu yake, wala mahali jua la dirishani linapopiga moja kwa moja.

Mama mmoja ameuliza: anacho kikapu alichorithi kwa bibi yake, hakina karatasi wala jina, afanyeje? Mama, swali lako ni zuri sana. Wapigie shangazi zako wiki hii, wale wakubwa zaidi. Uliza kama bibi alikisuka mwenyewe au alikinunua, kijiji gani, kabla ya harusi ya nani au baada ya msiba gani, maana wazee wetu hukumbuka kwa matukio kuliko kwa tarehe. Andika unachoambiwa na jina la aliyekuambia, na ulichokisia kiandike kuwa ni kisio. Kisha karatasi hiyo itie kwenye bahasha, uifunge kwa uzi ndani ya kikapu. Usiibandike kwa gundi, gundi itaharibu milulu.