Hana hatia, lakini hatoki

Waheshimiwa mawakili, afande wa magereza, nanyi wauguzi wa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, karibuni. Leo tunamzungumzia mtu anayeshtakiwa hapa Uganda kwa tendo alilofanya akiwa mgonjwa wa akili.

Tuanzie kituo cha polisi. Mshukiwa hupelekwa kwa daktari na Fomu ya Polisi namba 24, yenye sehemu ya hali ya akili. Mara nyingi utakuta neno moja: timamu. Kapimwa dakika chache, jirani hakuulizwa. Ukisubiri siku ya utetezi umechelewa, maana sheria humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu na mshtakiwa ndiye anayepaswa kuonyesha vinginevyo. Tafuteni kadi zake za kliniki mapema.

Msichanganye maswali mawili. Leo anaifuata kesi? Na siku ile, alijua anachotenda, au kwamba hakupaswa kukitenda? Daktari akiulizwa tu "ni mgonjwa?", atajibu la leo.

Sasa penye mwiba. Jaji akiona kwamba alitenda lakini hakuwa na akili zake, humtamka hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Hatoki! Anabaki kizuizini, faili inakwenda kungoja amri ya Waziri wa Sheria. Msimamizi wa gereza au hospitali humwandikia Waziri ripoti miaka 3 ikipita, kisha kila miaka 2. Ila hiyo miaka 3 inahesabiwa tangu amri ya Waziri. Amri isipokuja, hesabu haijaanza, na mtu anazeeka ndani bila kifungo wala tarehe ya kutoka.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Fort Portal ilisema kumzuia au kumwachia mtu wa namna hii ni kazi ya mahakama, si ya Waziri. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba, katika ombi namba 64 la 2011, iliona kifungu cha kuwazuilia wasioweza kujibu mashtaka kinakiuka Katiba. Kwa hiyo msiandike barua wizarani mkakaa. Pelekeni maombi kwa jaji, na uamuzi wa awali, ripoti mpya ya daktari wa akili na rekodi ya dawa za gerezani.

Maombi hukwama nyumbani zaidi kuliko mahakamani. Ndugu wanaogopa, na kijiji hakijamsahau marehemu, kama kuna aliyeuawa. Pateni kwa maandishi nani atampokea, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kisha tajeni kituo cha afya chenye dawa yake, na tarehe ya sindano ijayo.