Kuhamia Mombasa: Kabla ya Kodi, Uliza Maji na Kivuko

MWANAISHA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Mwanaisha, mzaliwa wa Majengo, na niko na kakangu Juma, aliyehamia huku na familia yake kutoka Nairobi. Leo tunajibu ujumbe wa dada mmoja aliye Nairobi. Mumewe amepata kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Shimanzi, kisiwani. Dada mwenyewe ni mhasibu, kazi zake hufanya kwa intaneti. Wana watoto wawili wa shule ya msingi. Ameona nyumba Mtongwe na nyingine Mtwapa, zote kodi nafuu, na anataka kulipa wikendi hii.

JUMA: Asilipe.

MWANAISHA: Mbona unamkatia hivyo?

JUMA: Kwa sababu ameangalia ramani, dada. Kwenye ramani Mtongwe na Shimanzi zinatazamana, maji ya Kilindini tu ndiyo yamepita kati. Lakini mume hatavuka kwa kuogelea. Itabidi ashike matatu hadi Likoni, asimame na umati wa asubuhi akisubiri feri, avuke, apande ule mlima wa kutoka kivukoni, kisha atafute gari jingine la kumzungusha hadi Shimanzi. Jioni ayarudie yote.

MWANAISHA: Na feri mtembea kwa miguu halipi, gari ndilo linalolipa. Lakini ikiharibika moja, foleni inapanda hadi juu.

JUMA: Watu wanasema, si kuna barabara ya Dongo Kundu siku hizi? Ipo, na ni nzuri sana kwa anayetoka Kwale kwenda uwanja wa ndege au Nairobi, maana haingii mjini kabisa. Lakini itakutoa huko Miritini, halafu uanze kurudi kisiwani kupitia Changamwe pamoja na malori.

MWANAISHA: Mimi naona watu wa bara wanachelewa kuelewa kwamba mji huu ni kisiwa. Nyali una daraja. Changamwe una Makupa. Likoni una feri. Basi. Maisha yako yote ya wiki yatapita kwenye moja ya milango hiyo mitatu, na kila asubuhi watu wote wanaelekea upande mmoja. Huyo wa Mtwapa ndiyo hata zaidi, maana Mtwapa iko kaunti ya Kilifi. Atavuka daraja la Mtwapa, apite Shanzu, Bamburi, Kisauni, ndipo afike daraja la Nyali akute wenzake wamejaa.

JUMA: Kwa hiyo mume wa Shimanzi alale upande wa Shimanzi. Tudor, Ganjoni, au kama kodi imemshinda, Mikindani, ingawa huko atavuka Makupa. Nyumba zitakuwa za zamani, watoto hawatakuwa na uwanja mkubwa, lakini baba atakula nao chakula cha jioni.

MWANAISHA: Sasa nije kwenye langu, maana hapa nina uchungu nalo. Dada huyu ameuliza kodi, ameuliza shule, ameuliza usalama. Maji hakuuliza.

JUMA: Hakuuliza hata kidogo.

MWANAISHA: Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Tunayokunywa yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, hiyo ni Kilifi. Yanatoka Marere na Tiwi, hiyo ni Kwale. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 1,208,333. Bomba likipasuka njiani, au umeme ukikatika kwenye pampu za Baricho, mji mzima unajua. Kuna mitaa ambayo mfereji hutoa maji siku fulani tu za wiki, na kuna nyumba ambazo mfereji ni pambo la ukutani.

JUMA: Na wakala wa nyumba atakwambia, "Maji yapo, masaa ishirini na nne."

MWANAISHA: Atakwambia hivyo, naye hadanganyi, ila ni maji ya kisima. Ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba, mashine ya kufulia haimalizi muda wake, nywele zinakakamaa. Ya kunywa na kupikia utanunua kwa mitungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, au mchangishane na majirani mwite boza, lori la maji. Kwa hiyo dada yangu, usiulize kama maji yapo. Uliza: ni matamu au ya chumvi? Ya mfereji yanakuja siku gani? Tangi lina ukubwa gani, na linahudumia nyumba ngapi? Kisha usimwulize wakala. Mwulize mama anayeuza mahamri na mbaazi hapo nje, huyo ndiye anayejua nani hununua maji na hununua mangapi.

JUMA: Mimi naongeza la umeme kwenye hesabu. Mhasibu wa intaneti atakaa ndani mchana kutwa. Februari na Machi, upepo wa kaskazi ukilegea, bila feni hufanyi kazi, na wengi wataweka kiyoyozi. Bili hiyo hakuizoea Nairobi. Kuhusu intaneti yenyewe asiwe na shaka sana, nyaya za chini ya bahari zinatia nanga hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS zote zilianza kazi 2009. Shida ni stima ikipotea, basi awe na betri ya akiba.

MWANAISHA: Na asije kutazama mji Desemba. Desemba kila mtu anaipenda Mombasa. Aje Mei, masika yakiwa yamekolea, aone barabara gani zinageuka mito na ukuta gani unaota ukungu. Au aje Machi, joto likiwa juu.

JUMA: Aje Mei aone na kazi zinavyokuwa. Mahoteli hupunguza watu msimu ukiisha, na mji unahisi.

MWANAISHA: Hata bandari ina misimu yake ya kisiasa. Unakumbuka 2019, serikali ilipoamuru makontena ya bara yapandishwe kwenye treni ya SGR yakatolewe Nairobi? Madereva, makarani, wenye mabohari, mama wa chakula pale Changamwe, wote waliumia, na watu waliandamana. Amri ilikuja kuondolewa 2022. Sisemi itarudi. Nasema mume wa huyu dada anaingia kwenye kazi inayoweza kuguswa na karatasi moja iliyotiwa sahihi Nairobi, kwa hiyo kazi ya mke ya intaneti ilindwe isiyumbe.

JUMA: Shule na hospitali je?

MWANAISHA: Zipo za kutosha, za serikali na za binafsi. Achague shule ambayo mtoto havuki daraja. Tuendelee.

JUMA: Mwishoni mwa ujumbe ameandika jambo lililonishtua kidogo. Anasema wana kiwanja Kitengela, wanafikiria kukiuza wanunue nyumba huku. Ameonyeshwa nyumba Kisauni kwa bei ya chini mno.

MWANAISHA: Subhanallah. Basi nisikilize vizuri, dada. Mombasa kuna mtindo wa nyumba bila ardhi. Unaweza kununua kuta na mabati, ukapewa karatasi za mauzo zenye mashahidi, na ardhi iliyo chini ikawa ya mtu mwingine ambaye unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Ndiyo maana bei ni ya chini. Familia nyingi zimezaliwa na kuzeeka kwenye nyumba hizo, siwadharau, nyumba yetu ya Majengo ilikuwa hivyo. Lakini mwenye ardhi akiuza kwa mwekezaji, wewe una kuta tu. Pia kuna ardhi ya wakfu, ambayo haiuzwi kama kiwanja cha kawaida.

JUMA: Afanye sachi ya hati, yaani ahakikishe mwenye ardhi ni nani, kwenye ofisi ya ardhi, kwa wakili aliyemtafuta mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji.

MWANAISHA: Na kiwanja cha Kitengela kibaki. Mwaka wa kwanza wapange.

JUMA: Hapo tunatofautiana kidogo kuhusu nani aje. Mimi nasema waje wote. Mume akija peke yake atapanga chumba karibu na kazi, atazoea, na familia itabaki kuhesabu tikiti za treni. Kutoka Syokimau hadi Miritini ni saa tano hivi, ukiongeza kwenda stesheni na kutoka, siku imekwisha.

MWANAISHA: Mimi nasema mume atangulie muhula mmoja, apange Tudor, aishi na yale maji, ndipo watoto watolewe shule. Mtoto hang'olewi mara mbili.

JUMA: Muhula mmoja tu?

MWANAISHA: Mmoja. Na dada aje likizo ya Aprili, akae naye, apike, afue, afanye kazi zake kwa intaneti kama kawaida.

JUMA: Kwa Aprili nakubali. Dada, tuandikie mumeo anaingia kazini saa ngapi, maana kama ni zamu ya usiku, hesabu ya daraja inabadilika na hata Bamburi tunaweza kuizungumza.