Bei ya Uchawi wa Hafulingi: Kuhamisha Fani kutoka Toleo hadi Toleo

Ndugu zangu wachezaji na wasimamizi wa mchezo, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, kwamba fani (kazi anayopewa mhusika wa mchezo, kama upiganaji au uchawi) haihamishwi kutoka toleo hadi toleo kwa kunakili tarakimu, na wengine nawaona mmeanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Nitalisema tena, kwa sababu juma lililopita nililetewa karatasi ya mhusika, mganga wa kihafulingi (hafulingi ni kiumbe mfupi wa kubuni mwenye umbo la binadamu), aliyehamishwa kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa kuigiza wahusika kwa dadu, ya mwaka 1981 hadi toleo la tatu la mwaka 2000 kwa kunakiliwa tarakimu moja moja. Ngazi ya kwanza ya ukuaji wa mhusika imekuwa ngazi ya kwanza, ya nane imekuwa ya nane, kisha kikomo kimefutwa na safari inaendelea hadi ya 20. Aliyevuka mpaka wa Namanga anajua kwamba noti ya shilingi elfu moja ya Kenya na noti ya shilingi elfu moja ya Tanzania zina jina moja na tarakimu moja, lakini hakuna mwenye duka atakayekubali uzibadilishe moja kwa moja. Neno “ngazi” katika matoleo haya mawili ni shilingi ya namna hiyo.

Kabla sijaulizwa: nasema hafulingi, sisemi mbilikimo, kwa kuwa neno hilo limebebeshwa watu halisi wa misitu ya Kongo, nao hawakuomba kuingizwa katika mapango yetu ya kubuni. Wala sisemi hobiti, jina la watu wafupi wa riwaya za Tolkien, kwa maana mchezo wenyewe ulianza na jina hilo mwaka 1974 ukalazimika kuliacha kwa sababu za haki za kisheria.

Sasa tulitazame toleo la 1981, ambamo hafulingi ni fani yenyewe na wala si kabila la kuvalishwa fani nyingine. Anahitaji pointi 2,000 za uzoefu ili afike ngazi ya pili, sawasawa na mpiganaji, lakini uhai wake hupimwa kwa dadu ya pande sita badala ya nane, na akifika ngazi ya nane kwa pointi 120,000 ngazi zake zimekwisha. Amenunua nini kwa hasara hizo? Tazameni jedwali la kujiokoa, ambalo watu hulipita haraka kama tangazo la ukutani. Ili kujiokoa na uchawi, mpiganaji wa ngazi ya kwanza hutakiwa kupata 16 au zaidi kwa dadu ya pande 20, mchawi aliyeusomea uchawi wenyewe hutakiwa kupata 15, na hafulingi, ambaye huenda hajawahi kufungua kitabu, anatosheka na 12. Kwa lugha ya kawaida, mchawi hunusurika mara 6 katika marusho 20, na hafulingi mara 9. Waliomtunga walitaka awe mtu ambaye uchawi humteleza kama maji mgongoni mwa bata. Basi ukimfanya mtu huyohuyo kuwa mganga, unampa silaha ambayo yeye mwenyewe ana ngao dhidi yake, na ni lazima ngao ile au silaha ile ilipiwe mahali fulani.

Toleo lenyewe lilikwisha kutuonyesha namna ya kulipa. Elfi, kiumbe mwingine wa kubuni, hupigana na pia hutumia uchawi, na kwa ajili hiyo hutozwa elfu nne kamili kufika ngazi ya pili, kisha husimamishwa katika ngazi ya kumi. (Elfi na elfu nne: Kiswahili kimetupa njia nyepesi ya kuikumbuka hesabu hiyo.) Mimi mezani kwangu humtoza mganga wa kihafulingi 3,000, na sijawahi kuona mchezaji akilia.

Ukifika toleo la tatu, safu hiyo ya bei haipo. Kila fani hulipa 1,000 kwa ngazi ya pili na hufika ngazi ya tatu kwa jumla ya 3,000, awe mpiganaji au mchawi, na ile ngao kuu ya hafulingi imepunguzwa ikawa nyongeza ya 1 katika kila rusho la kujiokoa, pamoja na 2 dhidi ya hofu. Kwa hiyo mwenye karatasi ile, aliyehamisha matamko yote ya uchawi pamoja na jedwali la zamani la kujiokoa, amebeba bidhaa zote na kuacha deni upande wa pili wa mpaka. Bei isiyoweza kutozwa kwa pointi itozwe ndani ya fani: punguza idadi ya matamko kwa siku, au shusha uwezo wa kupigana.

Najua yupo atakayesema, “Mwalimu, kwa nini usumbufu wote huu? Chukua druidi, yule kasisi wa mimea na wanyama, mfupishe kimo, yamekwisha.” Hayajaisha, ndugu yangu. Katika mfululizo ule wa zamani, kwa kanuni za mwaka 1984, druidi ni kasisi aliyekwisha kufika ngazi ya tisa, na hafulingi wetu ngazi zake zinaishia ya nane, yaani mlango umewekwa hatua moja juu ya ngazi yake ya mwisho. Katika toleo la pili la mwaka 1989, udruidi ni wa binadamu na nusu-elfi tu. Na druidi wa toleo la tatu hujigeuza mnyama kuanzia ngazi ya tano. Uganga wa hafulingi ni wa jikoni, shambani na mpakani mwa kijiji, na sioni dubu anaingiaje humo. Ed Greenwood, mmoja wa waandishi wa mchezo huu, alipoandika mwaka 1988 juu ya Five Shires, nchi ya kubuni ya mahafulingi, aliwapa mahafulingi nguvu zilizofungamana na nchi yao wenyewe, ukiwemo moto mweusi, na huo ndio mzizi wa kuhamishwa.

Naoneshwa saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayakimbilia. Toleo la pili ndilo jepesi kuliko yote: mfanye kasisi maalumu, mpe nyanja (yaani fungu la matamko) ya mimea kikamilifu na nyanja ya wanyama kwa kiasi, yaani matamko yasiyozidi ngazi ya tatu. Toleo la nne nitaliruka. Katika toleo la tano la mwaka 2014, bahati ya hafulingi humruhusu kurusha tena dadu yake ikitoka 1, lakini matamko mengi humlazimisha adui ndiye arushe, na hapo bahati hiyo haimsaidii kitu. Mchagulieni matamko ambayo yeye mwenyewe hurusha dadu ili kushambulia.